Rangi Inapokwaruza Kioo

Kata vipande viwili vya plastiki ngumu vyenye uzito sawa, kimoja cheusi kutoka kwenye mguu wa kiti cha ofisini, kingine cheupe kutoka kwenye punje za nailoni iliyorejelezwa. Viweke kila kimoja kwenye kibakuli chake cha kauri, uviingize tanuruni kwenye digrii 600 au zaidi, kisha usubiri. Nailoni yote itaungua iondoke na moshi. Weusi nao utaondoka, maana ni masizi, na masizi ni kaboni. Kitakachobaki kinafanana na pamba chafu: nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, zimelalana kama mabua baada ya mavuno. Pima uzito. Vyote viwili vikibakiza asilimia 30, fundi atasema ni mali moja, GF30, yaani nyuzi za kioo asilimia 30, kama alama inavyodai, na atavimimina pipa moja.

Ila ukikitazama kibakuli cha pili vizuri, utaona unga mweupe umekaa katikati ya nyuzi. Ukiugusa tu unakufuata kidoleni. Huo unga si uzi wa kioo wala haujawahi kuwa. Ni rangi isiyoungua, na imehesabiwa kwenye mizani kana kwamba ni nyuzi. Kisha zimwage nyuzi zenyewe kwenye kipande cha kioo na tone la maji, uzitazame kwa hadubini. Mara nyingi zitakuwa fupi kuliko za kibakuli cha kwanza.

Mizani, basi, imedanganya mara mbili: imehesabu rangi kuwa nyuzi, na haikusema lolote kuhusu urefu. Rangi zinapoingia bila kukaribishwa kwenye plastiki ya nyuzi inayorudi kiwandani, zinaipunguzia nguvu kwa njia gani, na ni rangi zipi hasa za kuogopwa? Wengi walio kwenye biashara ya kusaga plastiki huliona hili kuwa jambo la sura. Vipande vya rangi mchanganyiko vikiyeyushwa pamoja hutoa rangi ya matope, mteja hataki matope, basi vinatiwa nyeusi na mambo yanakwisha. Kwa ndoo na mabeseni hoja hiyo inatosha. Kwa plastiki iliyotiwa nyuzi haitoshi, kwa sababu humo rangi inakutana na kitu ambacho ndoo haina, nacho ni uso wa kioo.

Swali hili limetoka maabara kitambo. Julai 2023 Tume ya Ulaya ilipendekeza robo ya plastiki inayotumika kwenye magari mapya itokane na plastiki iliyorejelezwa, na robo ya hiyo itoke kwenye magari yaliyokwisha kazi. Sasa plastiki ya chini ya boneti ndiyo iliyojaa nyuzi za kioo: tanki za rejeta, njia za kuingizia hewa kwenye injini, vifuniko vya injini yenyewe. Magari hayohayo, baada ya kutumika Japani au Ulaya, huja kumalizia maisha yake kwenye gereji za Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, na rejeta iliyopasuka tanki ni habari anayoijua kila dereva wa huku. Ongeza magamba ya drili na misumeno ya umeme, ambayo nayo ni nailoni ya nyuzi, kila kampuni na rangi yake, hii bluu, ile njano, nyingine kijani. Mwokota skrepa anaona gunia moja la plastiki ngumu. Mwenye mashine ya kuyeyusha ndiye atakayegundua kwamba gunia lile lilikuwa duka la rangi.

Tuanze na uzi. Nailoni tupu ikiwa kavu hustahimili kuvutwa hadi kama megapaskali 80. Itie asilimia 30 ya nyuzi fupi za kioo nayo hufika kati ya 170 na 185. Nguvu hiyo ya ziada yote imekopwa kutoka kwenye nyuzi zenye unene wa mikroni 10 hivi, yaani mia moja ukizipanga ubavu kwa ubavu zinatimiza milimita moja. Uzi wa kioo uliotoka tu tanuruni, kabla haujaguswa na chochote, hustahimili zaidi ya megapaskali 3,000. Kioo cha dirisha hakiusogelei hata kwa mbali. Mhandisi Mwingereza Alan Arnold Griffith alieleza sababu mwaka 1921: kioo hushindwa kwa ajili ya nyufa na mikwaruzo midogo ya usoni mwake, ambayo hukusanya nguvu yote ya mvuto mahali pamoja. Uzi mwembamba usioguswa una mikwaruzo michache, tena midogo. Fundi wa vioo hahitaji kumsoma Griffith ili alijue hili. Hupiga mstari mmoja kwa kikatio chake, akagonga kidogo, na kioo kinaufuata mstari kwa utii.

Ukishaelewa mstari wa fundi wa vioo, umeelewa pia tatizo la rangi nyeupe.

Weupe wa vitu vingi vyeupe tunavyovishika, kuanzia rangi ya ukutani hadi dawa ya meno, unatokana na dioksidi ya titani. Ni kemikali tulivu, inafunika vizuri, haichakai upesi. Lakini ni ngumu. Kwenye kipimo cha Mohs, ambacho talki iko 1 na almasi iko 10, aina yake inayotumika zaidi, rutili, iko kati ya 6 na 6.5. Kioo cha nyuzi kiko hapohapo. Chembe moja ya rangi hii ina upana wa kama robo mikroni, kwa hiyo uzi mmoja wa kioo ni mnene mara arobaini kuliko chembe. Mtu anaweza kudhani kitu kidogo hivyo hakina madhara. Sasa fikiria kilichomo ndani ya mashine: skrubu inasukuma uji mzito wa nailoni kwenye digrii 270 hivi, nyuzi na chembe zinasuguana kwa kila mzunguko, na chembe hizo ni mabilioni. Ni sawa na kusugua sufuria kwa mchanga. Sufuria inatakata, lakini ukiigeuza kwenye mwanga unaiona mistari.

Mistari hiyo kwenye uzi wa kioo ina matokeo mawili yanayofuatana. Nyuzi nyingi hukatika mlemle ndani ya mashine, hivyo zinatoka fupi. Zile zinazosalimika zinatoka na makovu, na siku ya kubebeshwa mzigo zinakatikia kwenye kovu. Juu ya hayo, uzi wa kioo huvalishwa kiwandani vazi jembamba la kemikali ya silani linaloushikamanisha na plastiki. Rangi ngumu hulichubua vazi hilo. Ndiyo sababu asilimia moja au mbili ya weupe, kiasi ambacho kwenye ndoo hakina maana yoyote, huonekana waziwazi kwenye mashine ya kuvuta sampuli, na huonekana zaidi kwenye kipimo cha kugonga kwa nyundo.

Watengenezaji wa plastiki mpya wanalijua hili tangu zamani, nalo linanishangaza kila mara jinsi lisivyowafikia wanaorejeleza. Anayetaka nailoni ya nyuzi iliyo nyeupe hushauriwa atumie salfidi ya zinki. Weupe wake ni hafifu kidogo, hivyo inahitajika nyingi zaidi, lakini ugumu wake uko kwenye 3 hadi 4 ya Mohs na haiwezi kukikwaruza kioo. Mrejelezaji hana uchaguzi huo. Weupe unaomfikia umetoka kwenye vifuniko vya swichi, magamba ya mashine za kufulia, viti vya bustani, vitu vilivyotiwa rangi na watu ambao hawakuwahi kuwaza kwamba siku moja vitakutana na nyuzi za kioo. Rangi iliyokuwa sahihi kabisa nyumbani kwake inageuka msasa kwenye nyumba ya jirani. Hiyo ndiyo maana ya uchafu katika kazi hii.

Na nyeupe si ngumu kuliko zote. Kijani cha oksidi ya kromu kinapita 8. Bluu ya kobalti nayo iko karibu na hapo. Rangi hizi ni ghali na hutumika pale panapotakiwa kitu kisichofifia juani kwa miaka mingi, hivyo utakutana nazo mara chache. Lakini kuna kejeli ndani yake: rangi inayosifiwa kwa kudumu kwenye jua, mara nyingi ndiyo inayoutesa uzi zaidi.

Hata hivyo rangi isibebeshwe makosa ya wengine. Nyuzi huingia kwenye mashine ya kuchanganyia zikiwa na urefu wa milimita 3 hadi 4.5. Zikishapita humo na kwenye kalibu mara moja, nyingi zimebaki na theluthi ya milimita. Kila zikisagwa na kuyeyushwa tena zinakatika zaidi, iwe kuna rangi au hakuna. Shirika la viwango vya usalama la UL nchini Marekani huruhusu plastiki ichanganywe na hadi asilimia 25 ya chenga za kusagwa upya bila kupimwa tena. Kuvuka hapo ni mpaka ithibitishwe. Sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili ya rangi, imewekwa kwa sababu kusaga peke yake kunadhoofisha. Kisha kuna maji. Nailoni hunywa unyevu wa hewani, na ikiyeyushwa na unyevu wake, maji hukata minyororo ya molekuli zake. Lazima ikaushwe hadi chini ya asilimia 0.2. Kiwanda cha pwani kinachoacha chenga zake kwenye magunia wazi wakati wa masika, halafu kikalaumu rangi, kinamsingizia jirani.

Basi utajuaje ni nani mwenye kosa? Hapa hesabu moja ya mwaka 1965 inasaidia kuliko maneno mengi. Anthony Kelly na W. R. Tyson walionyesha kwamba uzi mfupi una urefu wake wa chini wa kufanyia kazi. Zidisha nguvu ya uzi kwa unene wake, ugawanye kwa mara mbili ya nguvu ya mshiko kati ya uzi na plastiki. Chukua uzi wa megapaskali 2,000, unene wa mikroni 10, mshiko wa megapaskali 35. Jibu ni milimita 0.29. Uzi mrefu kuliko huo unaweza kubebeshwa mzigo hadi ukatike. Ulio mfupi zaidi utachomoka kabla haujafikia uwezo wake, na mkopo wa nguvu hautalipwa.

Sasa chafua mchanganyiko. Uchafu ukiharibu mshiko, ukaanguka kutoka 35 hadi 20, urefu unaotakiwa unapanda hadi milimita 0.5. Nyuzi zilezile zilizokuwa zinatosha jana, leo ni fupi, ingawa hakuna hata moja iliyokatika. Lakini uchafu ukikwaruza uzi wenyewe, ukaushusha kutoka 2,000 hadi 1,200, urefu unaotakiwa unashuka hadi milimita 0.17. Kwenye karatasi hilo linaonekana kuwa nafuu, maana uzi mfupi sasa unatosha. Nafuu hiyo ni ya uongo, kwa sababu unatosha kubeba kidogo. Isitoshe, uzi unaokatika upesi hauna muda wa kuchomoka polepole, na kule kuchomoka polepole ndiko kunakomeza nguvu ya pigo. Ndiyo maana plastiki ya nyuzi iliyochafuliwa kwa rangi ngumu huweza kufaulu jaribio la kuvutwa kwa taabu, halafu ikafeli jaribio la kugongwa bila ubishi.

Magonjwa mawili, dalili moja: kifaa kimevunjika. Tofauti yake iko usoni mwa mvunjiko, na huhitaji maabara ya chuo kikuu kuiona. Hadubini ya kawaida yenye taa inatosha. Mshiko ukiwa ndio ulioharibika, utaona nyuzi ndefu, safi, zimechomoza, na pembeni yake matundu matupu zilipochomoka nyingine. Ni kama ukuta wa nyumba ya udongo uliobomoka, fito zimebaki zimesimama tupu, udongo umeanguka wote. Uzi ukiwa ndio uliokwaruzwa, mvunjiko unakuwa bapa, na nyuzi zimekatika karibu na uso kama mabaki ya nywele siku moja baada ya kunyoa. Anayeona fito tupu akatafute plastiki ngeni, maji, au vazi la silani lililochubuka. Anayeona kichwa kilichonyolewa akatafute weupe.

Nyeusi ni kesi tofauti kabisa. Masizi ya viwandani yana chembe ndogo mno, kwa kawaida kati ya nanomita 15 na 60, nayo hayakwaruzi kioo. Tena yana faida inayojulikana na kila anayenunua bomba jeusi la maji: asilimia 2 hadi 2.5 ya masizi yaliyosambazwa vizuri hulinda plastiki dhidi ya jua kwa miaka na miaka. Yakikaa mafungu mafungu ni tatizo, kwa sababu fungu la mikroni hamsini ni jiwe kwenye wali, na ufa huanzia hapo. Lakini hilo ni kosa la kuchanganya vibaya.

Hatia ya nyeusi iko kwingine. Mitambo ya kutenganisha plastiki hutumia mwanga wa infraredi: inaumulika kila kipande, inasoma mwanga unaorudi, inajua hii ni nailoni, hii ni polipropilini. Masizi humeza mwanga huo wote. Mbele ya mtambo, kipande cheusi ni shimo. Na sehemu kubwa ya plastiki ya nyuzi ya magari ni nyeusi. Kwa hiyo hutenganishwa kwa maji ya chumvi, zinazozama huku na zinazoelea kule, na hapo mambo yanaharibika, kwa sababu nyuzi za kioo zimebadilisha uzito. Polipropilini yenye asilimia 30 ya nyuzi ina msongamano wa karibu 1.13, sawasawa na nailoni tupu yenye 1.14. Nailoni ya GF30 ina 1.36, na humo humo ndimo ilimo PVC ngumu. Ikiingia PVC kidogo tu kwenye nailoni inayoyeyuka kwa digrii 270, hutoa asidi ya hidrokloriki inayotafuna minyororo ya nailoni. Masizi hayakugusa uzi hata mmoja. Yamefungua mlango tu, mwizi akaingia.

Tena weusi si wa aina moja. Kuna nigrosini, rangi inayoyeyuka ndani ya nailoni, ambayo huchelewesha nailoni kuganda kuwa fuwele na kuupa uso mng'ao unaoficha nyuzi. Masizi hufanya kinyume, huharakisha. Chenga nyeusi za nigrosini na chenga nyeusi za masizi huwezi kuzitofautisha kwa macho, na ukizichanganya leo hivi, kesho vile, vipimo vya bidhaa vitakuwa vinacheza huku rangi imetulia.

Mambo haya ya kuganda yanatufikisha kwenye bluu. Rangi ya ftalosiyanini, bluu na kijani cha makreti, vifuniko vya chupa na ndoo, ina historia inayonichekesha nikiiweka kwenye mada hii. Mwaka 1928, katika kiwanda cha Scottish Dyes kule Grangemouth, Scotland, kioo kilichozungushiwa ndani ya mtungi wa kemikali kilipasuka. Mchanganyiko ukagusa chuma cha mtungi na ikatokea takataka ya bluu iliyokoza. Wakemia waliichunguza badala ya kuimwaga, na mwaka 1935 aina yake ya shaba ikaingia sokoni. Bluu maarufu kuliko zote kwenye plastiki ilizaliwa kwa uchafu, kioo kilipovunjika. Chembe zake ni laini, hazikwaruzi. Shida yake ni kwamba ni mbegu kali ya fuwele: polipropilini na polithini zikiwa nayo huganda mapema na kunywea kwa namna nyingine. Kifuniko chekundu na cha bluu vilivyotoka kalibu moja huweza kutofautiana ukubwa. Weka nyuzi za kioo humo, ambazo zenyewe huzuia kunywea kuelekea upande zilikolala na kuuachia upande mwingine, na utapata kipande kinachopinda. Nguvu yake kwenye kipimo cha kuvuta haijapungua sana. Lakini fundi anapokilazimisha kinyooke kwa skrubu, amekifunga na mkazo wa ndani, na miezi baadaye ufa unaanzia kwenye tundu la skrubu.

Rangi nyingine zina joto lao. Manjano za kundi la diarilaidi zimetengenezwa kwa vitu visivyozidi digrii 200. Zikiburutwa hadi joto la nailoni huchanganuka na kutoa amini za sumu. Hili nalitaja kwa ajili ya mfanyakazi anayesimama karibu na mashine, kwa maana nguvu ya plastiki ni jambo la pili hapo. Na mara nyingi haiji rangi peke yake, inakuja na aliyeibeba. Kiwanda hununua punje za rangi iliyokolezwa ndani ya plastiki nyingine, na plastiki hiyo, kwa punje za bei nafuu zinazouzwa kuwa zinafaa kila kitu, ni polithini. Polithini na nailoni hazishikani. Ndani ya nailoni ya nyuzi, kila tone la polithini ni tundu lililojazwa mafuta. Mara nyingi nimeona weusi ukilaumiwa wakati mkosaji ni huyo mbebaji.

Shaba nayo ina tabia mbili. Shaba iliyo huru kwenye polipropilini ni sumu, huharakisha kuoza kwake kwa hewa na joto. Kwenye nailoni chumvi za shaba ni dawa, hutiwa makusudi ili istahimili joto la injini. Kwa hiyo nailoni ya injini ikichanganyika na polipropilini ya bampa, dawa ya mmoja inakuwa maradhi ya mwenzake. Tofauti na hiyo, shaba ya ftalosiyanini imefungwa imara ndani ya molekuli yake na haileti balaa hilo.

Upande wa faiba ya boti na matanki, ile isiyoyeyuka, nitapita haraka kwa sababu rangi huko ina nafasi ndogo. Rangi ya boti ya faiba iko kwenye koti la nje, jembamba lisilofika milimita moja. Boti ikizeeka husagwa, na unga wake ukatiwa kwenye bidhaa mpya kama kijazio. Masizi yaliyomo yanaweza kuchelewesha kuganda kwa resini ya poliesta, na rangi za chini ya boti zenye oksidi ya shaba, zinazozuia viumbe wa baharini, nazo huvuruga mambo. Kwa kuwa unga huo haubebeshwi mzigo mkubwa, hasara si kubwa. Kule Lägerdorf, Ujerumani, kiwanda cha saruji hupokea mapanga ya mitambo ya upepo yaliyosagwa, resini inakuwa kuni na kioo kinakuwa malighafi ya saruji. Humo rangi hupotea kabisa, na uzi pia.

Nyuzi za mkonge za Tanga, kwa wanaozijaribu kwenye polipropilini, hazina ugonjwa wa mikwaruzo, maana mkonge haukatiki kwa ufa wa usoni kama kioo. Adui yake ni joto, linalouunguza likizidi digrii 200, pamoja na maji. Na jahazi la Flipflopi la Lamu, lililotengenezwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvalishwa ndala elfu 30 za kila rangi, lilikwenda hadi Zanzibar mwaka 2019 bila rangi kuwa na neno, kwa sababu rangi zile zilikaa nje kama nguo. Hazikuwa zikisagana na uzi wowote wa kioo.

Turudi kiwandani. Kwa plastiki tupu kuna tiba moja ya kawaida: uji wa moto hupitishwa kwenye wavu mwembamba wa chuma, mafungu ya rangi, mchanga na mbao vinabaki wavuni. Kwenye plastiki ya nyuzi tiba hiyo karibu haipo. Wavu ulio mdogo kiasi cha kuzuia uchafu utaziba kwa nyuzi zenyewe. Kwa maneno mengine, kilichoingia ndani hakitoki, na kazi yote ya kusafisha inabidi ifanyike kabla ya kusaga. Kuongeza nyuzi mpya kunarudisha nguvu kwa muda, lakini nyuzi mpya zikikuta weupe mlemle zitakwaruzwa kama zilizotangulia. Kuongeza kemikali ya kushikamanisha kunatibu fito tupu, hakutibu kichwa kilichonyolewa.

Alama za viwanda hazisaidii vya kutosha. Mgongoni mwa tanki la rejeta mmeandikwa >PA66-GF30<, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 11469. Herufi zinakwambia plastiki, zinakwambia nyuzi na kiasi chake. Rangi haimo. Kwa maoni yangu hilo ni pengo la kweli kwenye kiwango hicho, nalo lingezibwa kwa herufi moja ya ziada kutofautisha bidhaa iliyotiwa weupe mgumu na iliyotiwa weupe laini. Lakini viwango hubadilika polepole, na chenga zinasagwa leo.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Masizi si mkosaji wa nguvu. Ni mficha uchafu, na ashughulikiwe kwa kutenganisha plastiki vizuri. Bluu na kijani cha ftalosiyanini ni wakosaji wa umbo. Kosa la polithini inayobeba rangi ni la mnunuzi. Rangi inayoshambulia uzi wenyewe, kiasi cha kuondoa sababu ya uzi kuwemo, ni weupe wa titani pamoja na ndugu zake wagumu, nao ndio wanaopita kirahisi kwa sababu hawanuki, hawaungui na hawabadili rangi ya matope. Kipimo cha majivu, kile cha tanuruni tulichoanza nacho, kisitumike peke yake kuidhinisha nailoni ya nyuzi iliyorejelezwa. Kiambatane na kipimo cha kugonga na picha ya urefu wa nyuzi, la sivyo ni risiti ya uzito tu.

Na wewe mwenye mashine ya kusaga, au mwenye banda la skrepa pale Gerezani, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi: weka pipa moja la vyeupe peke yake, mbali na vyenye alama ya GF. Pipa moja tu, na mtu wa kuligombea.